Niliua samaki wa bahari kwa kuwaoshea mawe kila Ijumaa: Homa Bay, miaka ya sitini

Wakuu wa jukwaa hili, salamu kwenu nyote. Na wewe rafiki yangu unayesoma hii peke yako na simu mkononi, sogea hapa karibu. Nakuambia vile ningemwambia dada yangu tukichambua mboga. Sitaongeza chumvi, ingawa habari yenyewe ni ya maji ya chumvi.

Mimi ni mama wa Kisabato, sasa ni dani, yaani bibi, wa wajukuu wengi. Hii naandika mwenyewe, hakuna mtu ananiandikia. Mkifika mwisho mtajua kwa nini nimesema hivyo.

Juzi kijana mmoja wa Migori aliuliza hapa. Amenunua tank mpya, ameweka maji ya chumvi, ameweka clownfish wawili. Siku ya tatu wamekufa. Akasema, "na maji ni safi kabisa, nimeosha kila kitu."

Wengi mlimjibu mambo ya ammonia na nitrite, zile sumu za majini, na test kit ya kuzipima. Mlisema vizuri.

Lakini mimi niliona hiyo "nimeosha kila kitu" nikaweka simu chini. Nikacheka.

Hayo maneno nayajua. Karibu yaninyime kusoma.

Sasa sikilizeni.

Nilizaliwa Suna, nikaolewa Homa Bay. Ilikuwa miaka ya sitini, bendera mpya hata haijapauka. Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, mtoto wangu wa kwanza Akoth mgongoni, na sijui hata herufi moja.

Kwa kanisa siku ya Sabato wenzangu wanafungua Biblia. Na mimi nafungua yangu. Naangalia tu. Siku moja dada aliyekaa karibu na mimi alinyoosha mkono polepole, akaigeuza. Nilikuwa nimeishika juu chini.

Hiyo siku niliomba Mungu anipe kusoma kabla Akoth hajaanza kuniuliza maswali.

Ndipo likaja darasa la ngumbaru, la watu wazima wasiojua kusoma.

Mwalimu wetu alikuwa Mwalimu Faraji, mtu wa Mombasa. Mchana alikuwa karani pale gatini kwa meli za ziwa. King'ora cha kiwanda cha pamba kikilia jioni, anatembea mpaka nyumbani, anatoa viti, na sisi wamama tisa tunaingia sebuleni kwake. Jumatatu mpaka Alhamisi. Ijumaa hapana, yeye anaenda msikitini na mimi najitayarisha kwa Sabato.

Mwalimu mwingine hakukuwa. Mkumbuke hiyo. Mtu wa kufundisha wamama wenye watoto mgongoni, bure, alikuwa huyo mmoja peke yake.

Mke wake aliitwa Bi Mwanaisha. Mrembo, mdogo, mkimya. Lugha yetu ya Dholuo hajui, ndugu hana, rafiki hana. Anakaa dirishani anaangalia ziwa letu, na siku moja nilimsikia akisema, "Bwawa lenu hili halina hata harufu."

Alikuwa anaumwa na bahari. Hiyo ndiyo njia ninaweza kusema.

Kwa hivyo Mwalimu aliamua kumletea bahari.

Alienda kwa fundi mmoja kule Rangwe, akatengenezewa sanduku la mbao ya mvule, mbele kioo cha dirisha, ndani limepakwa lami lisivuje. Kaka yake Bi Mwanaisha, jina lake Athmani, alikuwa anafanya kazi kwa treni. Akaleta maji ya bahari ndani ya zile chupa kubwa za kioo zilizosukiwa kikapu. Treni mpaka Kisumu, meli mpaka Homa Bay. Akaleta na mchanga wa huko, na makombe, na mawe ya matumbawe.

Stima ya umeme hatukuwa nayo. Sasa nyinyi mnauliza, hewa ilitoka wapi?

Tube ya lori, wakuu. Mwalimu aliweka tube kubwa ya gurudumu kando ya sanduku, akafunga mpira mwembamba kwa valvu, na mpira ukaingia ndani ya maji na kutoa povu kidogo kidogo. Asubuhi na jioni mtu anachukua pampu ya baiskeli, anajaza tube. Sisi wamama tulikuwa na zamu. Unapampu huku unasoma a, e, i, o, u.

Mpaka leo nikisikia mtu anapampu baiskeli, naona vokali.

Siku samaki wa kwanza walifika, darasa lote lilisimama mbele ya kioo. Watano, rangi ya machungwa na mistari myeupe. Hatujawahi kuona kitu kama hicho. Kwetu samaki ni ngege, ni fulu, ni omena, na mahali pake ni sufuria.

Kulikuwa na mwenzetu Mama Odero, muuza samaki, mdomo wake haukujua kupumzika. Akainama, akachungulia.

"Mwalimu, hii tunakula lini?"

"Huyu haliwi, Mama Odero. Ni wa kutazamwa."

"Yawa! Na yeye anakula nini?"

"Vipande vidogo vya samaki."

"Ati nini? Haliwi, hauzwi, na bado analetewa samaki kwa mezani? Mwalimu, huyo si samaki. Huyo ni mkwe."

Tulicheka mpaka Akoth akaamka. Na kule mlangoni, mara ya kwanza, nikaona Bi Mwanaisha akicheka.

Lakini wiki haikuisha. Wote watano walikufa.

Mwalimu alikuwa ameweka maji leo, kesho yake samaki. Hakujua, hata sisi hatukujua. Alikuwa mtu wa pwani, lakini kuzaliwa karibu na bahari si kujua kuifunga ndani ya sanduku. Leo ningemwambia, Mwalimu, hujacycle tank, hujaiacha maji yakomae kwanza.

Bi Mwanaisha alilia siku mbili. Akasema hatagusa tena lile sanduku, mkono wake hauna bahati.

Athmani akaleta wengine sita. Na Mwalimu akatafuta mtu wa kuwachunga mchana akiwa gatini. Akanichagua mimi.

"Mama Akoth," akaniambia, "katika darasa hili wewe ndiye msafi kuliko wote."

Na ilikuwa ukweli, wacha niseme tu.

Ngoja hapa niwaeleze kitu, kwa sababu bila hiki hamtaelewa.

Sisi Wasabato Ijumaa ni siku ya matayarisho. Jua likizama, kazi imekwisha. Mama yangu kule Suna alitulea hivyo kwa mkono mgumu. Ijumaa sufuria zinasuguliwa na jivu mpaka uone meno yako ndani. Sakafu inapakwa upya. Nguo, vigoda, mitungi, hata ile bakuli ya kuku kunywa maji. Alikuwa anasema Sabato ikute nyumba inang'aa, na mtu akiacha kitu kimoja kichafu, roho yake haitatulia kanisani.

Mimi nilibeba hiyo mpaka Homa Bay. Sasa nimepewa sanduku la samaki. Mnafikiri niliacha?

Mwalimu aliniambia kazi nne tu. Pampu hewa. Lisha kidogo. Futa kioo. Na maji yakipungua kwa joto niongeze ya mvua mpaka kwa alama, si ya chumvi, kwa sababu chumvi haipandi na mvuke.

Nilifanya hizo zote. Halafu Ijumaa, Mwalimu akiwa msikitini na Bi Mwanaisha akiwa chumbani kwake, niliongeza yangu.

Nilikuwa nahamisha samaki kwa mtungi na maji yao kidogo. Yale maji mengine nayachota yote, nachuja na kitambaa, nahifadhi vizuri maana yametoka mbali. Halafu natoa mawe. Yamekuwa na utelezi fulani wa kahawia, unateleza kama kamongo, mimi nikaona ni uchafu gani huu. Nachemsha maji. Nasugua mawe na jivu. Mchanga naosha na maji ya moto mara tano, sita, mpaka maji yatoke meupe. Makombe, mpira, kila kitu. Narudisha, namwaga maji ya bahari yaleyale, narudisha samaki.

Jua likizama lile sanduku linang'aa kama lilivyotoka Rangwe. Naenda nyumbani roho imetulia.

Wakuu wanaojua tayari wameshika kichwa. Naomba mnivumilie.

Mwalimu alinipa pia daftari. Akasema kila siku niandike mstari mmoja kuhusu samaki, itakuwa zoezi langu la kuandika. Maneno yangu yalikuwa machache bado, kwa hivyo nilikuwa naandika fupi sana. Yeye jioni anaangalia vile nimeviringa herufi, anaweka alama, basi.

Samaki wakaanza kufa. Si wote pamoja. Mmoja, halafu wawili, halafu wawili tena. Katika wiki ya nne wa mwisho naye akageuza tumbo.

Nilizidi kuosha. Kila mmoja akifa, Ijumaa inayofuata nasugua kwa nguvu zaidi. Na nilikuwa naomba nikisugua, Mungu ni shahidi. Nilikuwa nawaombea hao samaki kwa jina la kila mmoja.

Siku ya huyo wa mwisho, nikiwa naweka viti, nilisikia Bi Mwanaisha akimwambia mume wake. Hakupiga kelele. Ingekuwa heri angepiga.

"Mahali hapa hapakai kitu cha kwetu, Faraji. Athmani anaondolewa kwenye treni, anatiwa kazi ya karakana. Ataleta mara hii moja, ya mwisho. Hao wakifa, naondoka naye kwa meli ileile, narudi Mombasa."

Mwalimu akasema, "Ukienda, nami nitaomba uhamisho. Sitakaa huku peke yangu."

Nilisimama na kiti mkononi.

Mwalimu akienda, darasa limekufa. Na mimi nilikuwa nimefika katikati. Herufi zote nazijua, maneno mafupi nasoma, marefu bado yananishinda. Unajua hiyo hali? Ni kama mtu amekufungulia mlango ukaona mwanga, halafu anataka kuufunga mkono wako ukiwa bado hapo katikati.

Jumapili mchana nilikuwa nyumbani, ugali motoni. Nikachukua lile daftari nifanye mazoezi. Mpaka hiyo siku nilikuwa naandika tu mstari wa leo, sijawahi kurudi nyuma kusoma. Nikamwambia Akoth, kuja mama akusomee kitabu. Yeye ana mwaka mmoja, kitabu ni nini kwake.

Nikaanza kwa sauti, kidole chini ya neno.

Alhamisi. wanacheza.
Ijumaa. nimeosha.
Jumapili. wanahema juu.
Jumatatu. amekufa 1.

Nikageuza ukurasa.

Alhamisi. wanacheza.
Ijumaa. nimeosha.
Jumapili. wanahema juu.
Jumanne. wamekufa 2.

Nikageuza tena. Ugali ukaanza kuungua, nikasikia harufu, sikuinuka.

Wiki zote nne. Wanapata nafuu mpaka Alhamisi, mimi ninakuja na jivu langu Ijumaa, na kabla wiki nyingine haijafika katikati mmoja yuko kwa shimo.

Wakuu, hicho kilikuwa kitu cha kwanza nimesoma maishani, mwanzo mpaka mwisho, bila kusaidiwa. Na kilichoandikwa kilikuwa ni mimi.

Nilimwambia Mama Odero peke yake, kesho yake tukienda darasani.

"Nyar Suna," yaani binti wa Suna, akaniambia, "funga hiyo mdomo. Samaki hasemi. Nani atajua?"

"Daftari inajua."

"Daftari chukua uwashe moto. Wewe unataka chi mwalimu, huyo mke wake, akutoe macho? Mwanamke ameshafunga sanduku la nguo!"

"Kama nikinyamaza, nao hao wa mwisho nitawaua tena."

"Si uache kuosha tu, kimya kimya?"

Nilifikiria hiyo, siwadanganyi. Ilikuwa njia rahisi. Lakini Bi Mwanaisha alikuwa anaamini ni mahali petu panaua vitu vyake. Angekaa na sisi namna gani akiamini hivyo? Na mimi ningeshika Biblia namna gani, hata ikiwa upande sawa?

Nikaingia. Mwalimu alikuwa amefika mapema. Sanduku la nguo la Bi Mwanaisha lilikuwa mlangoni kweli, na kanga zimekunjwa juu yake.

Nikaweka daftari mezani. Nikasema, "Si mahali. Ni mimi."

Nikawasomea. Ukurasa wote, kidole chini ya neno.

Bi Mwanaisha akatoka chumbani. "Mama Akoth, ulikuwa ukiosha nini?"

"Mawe. Mchanga. Makombe. Nachemsha maji, nasugua na jivu."

"Kila Ijumaa?"

"Kila Ijumaa. Mpaka ing'ae."

Akaniangalia. Nikangoja matusi. Nilikuwa nimejitayarisha.

"Hebu niambie wewe mwanamke," akasema polepole. "Bahari umeona nani akaiosha?"

Akasogea, akanionyesha jino lake.

"Mimi nimecheza juu ya miamba tangu mtoto. Jino hili unaloliona limekatika, nilianguka nalo. Kwa sababu gani? Utelezi! Mwamba wa bahari una utelezi tangu Mungu alipouumba, na samaki wamo, wamenona. Nawe umeuchukua ukausugua!"

"Kama sufuria," akasema Mama Odero kutoka mlangoni. Hakuweza kujizuia, hiyo mdomo.

Bi Mwanaisha akaanza kucheka. Akacheka na machozi yanatoka, na sikujua anacheka au analia, nafikiri hata yeye hakujua.

Mwalimu alikuwa bado anageuza kurasa. "Sababu siijui," akasema. "Lakini daftari haliongopi. Tangu leo hakuna atakayegusa mawe haya."

Sanduku la nguo halikuondolewa mlangoni. Nililiangalia nikitoka. Lilikuwa bado hapo.

Athmani angefika baada ya wiki kama sita. Sanduku la samaki likabaki na maji, mawe, hewa, hakuna samaki ndani.

Sasa hapa ndipo mtacheka. Siku ya pili Mama Odero alikuja na omena kwa karatasi. Akachukua kama sita, akatupa ndani.

"Mwalimu, nimekuletea samaki ambao hawawezi kufa tena."

Kila mtu alicheka. Halafu mimi nikanyoosha mkono niwatoe, na Bi Mwanaisha akasema, "Acha! Baharini nani huwatoa?"

Wakaachwa.

Wakuu, ilinuka. Maji yakawa kama maziwa yaliyochanganywa na maji ya muhogo. Tulisoma mlango wazi, madirisha wazi, na Mama Odero mwenyewe akakaa karibu na mlango akijifunika pua na leso. Mwalimu akamwambia, "Mgeni wako huyo."

Na mimi nilikuwa na vita yangu. Ijumaa ya kwanza nilifika kupampu hewa, nikaona ule utelezi umerudi juu ya mawe, wa kahawia, na ile harufu. Mkono wangu uliniwasha. Jivu liko jikoni. Maji yako motoni. Hakuna mtu.

Niliketi juu ya mikono yangu. Si mfano, niliikalia kweli, kwa kigoda, mpaka ikafa ganzi. Nikaomba, Bwana, hii moja niachie iwe chafu.

Nilienda kanisani Sabato hiyo nikijua kuna kitu nimekiacha bila kuosha. Mama yangu angekuwa karibu angenirudisha nyumbani.

Wiki ya tatu maji yalianza kufunguka. Yenyewe. Wiki ya tano ungeweza kuhesabu makombe yote kule chini, na mawe yana manyoya ya kijani, na harufu imekwisha. Bi Mwanaisha akaweka pua juu ya maji, akafunga macho. Akakaa hivyo muda mrefu. Nilijua amesikia harufu ya kwao.

Leo nyinyi mnaita fishless cycling. Mnaweka kipande cha uduvi kioze, bacteria wanazaliwa kwa mawe na mchanga, wanakula sumu inayotoka kwa samaki; hao ndio nilikuwa nawasugua na jivu. Mko na video na vipimo vya rangi. Sisi tulikuwa na omena ya Mama Odero na mzaha wake.

Athmani akafika na meli ya Jumanne. Alibeba watatu, mmoja alikufia Kisumu. Wakabaki wawili.

Alisema atakaa wiki moja, arudi na meli ya Jumanne inayofuata. Bi Mwanaisha akamwambia, sanduku langu liko tayari.

Wiki moja. Yaani na Ijumaa ndani yake, na Jumapili, na Jumatatu. Zile siku zangu zote.

Ijumaa nilipampu hewa, nikafuta kioo, nikaandika: Ijumaa. sijaosha.

Sabato sikusikia mahubiri, Mungu anisamehe.

Jumapili asubuhi nilienda mapema, Akoth mgongoni. Niliingia nikiangalia sakafu. Nilikuwa naogopa kuangalia juu, pale wanapohema.

Juu hakukuwa na kitu.

Walikuwa chini. Mmoja anaingia ndani ya povu, povu linambeba, anarudi tena, kama mtoto kwa mteremko. Mwingine ameketi karibu na jiwe, kwa ule utelezi niliokuwa nachukia, anauchokoa na mdomo.

Jumatatu. wako 2.

Jumanne honi ya meli ikalia. Athmani akasimama na mzigo wake, akaliangalia sanduku la dada yake. "Tubebe?"

Bi Mwanaisha akalifungua. Akatoa kanga moja, akajitanda, akasema, "Twende nikusindikize." Sanduku likabaki wazi.

Aliporudi kutoka gatini, akaketi darasani, nyuma kabisa, kwenye kiti kando ya Mama Odero. Akamwuliza, "Hiyo omena, hupikwaje?" Mama Odero akaniangalia, akaniangalia tena. Ndiyo mara moja tu nimewahi kumwona amekosa neno.

Miezi michache baadaye, Sabato moja, kanisani walihitaji mtu wa kusoma. Nikainua mkono. Ilikuwa mstari mmoja, mfupi. Nilishika Biblia upande sawa, na yule dada aliyenigeuzia siku ile alikuwa mbele yangu. Alilia kuliko mimi.

Mwalimu na Bi Mwanaisha walikaa na sisi miaka kadhaa. Samaki wale wawili waliishi muda huo wote. Daftari langu limejaa 2, 2, 2, ukurasa baada ya ukurasa, na chini yake herufi zinazidi kuwa nzuri.

Walipohamishwa, tulilia gatini kama kwa mazishi. Samaki waliwabeba kwa chupa, sijui kama walifika. Bi Mwanaisha alinipa jiwe moja la matumbawe kutoka kwa sanduku, bado limelowa, bado lina utelezi.

"Na usilioshe," akaniambia.

Basi kijana wangu wa Migori, na wengine mnaoanza. Maji kung'aa si maji kuwa tayari. Usiweke samaki siku ya pili. Usichemshe mawe, usisugue mchanga, filter yako usiioshe na maji ya bomba. Weka kitu kioze, funga mdomo, kalia mikono. Wiki nne, tano, sita. Na andika kila siku, hata mstari mmoja, halafu siku moja rudi nyuma usome ulichoandika. Inaweza kukuonyesha mtu humtarajii.

Usafi wangu wa Ijumaa sikuuacha, hapana. Mpaka leo nyumba yangu jua likizama inang'aa. Wajukuu wanajua, hiyo siku hata viatu vyao vinasuguliwa.

Lakini lile jiwe liko kwa kabati, juu ya daftari. Limekauka zamani, limekuwa la kijivu, lina vumbi ya zaidi ya miaka hamsini. Kila Ijumaa naosha kabati yote. Nalinyanyua, nafuta chini yake, nalirudisha vile lilivyo.

Nani hapa alishawahi kuharibu kitu kwa kukipenda sana? Andikeni hapo chini, nitasoma zote, polepole, kidole chini ya neno.

Na kama kuna mtu unamjua amenunua tank wiki hii na tayari ameshika brashi, mtumie hii kabla hajafika kwa mawe.